Karatasi ya Saa Nane Usiku

Nje, Oulu, nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri.
Ndani, kioo kimoja kimetukusanya wanne:
Veikka yuko Turku, Jarkko yuko Göteborg,
Tuija yuko Kuopio na chai yake isiyo na sukari,
na mimi, tumbo limetangulia, nywele zimebaki nyuma.
Tunaendesha tena vile vifaru vya rangi nane
vilivyotufelisha hesabu mwaka tisini na saba.

Siku hizo waya ulikuwa waya.
Ulitoka kwangu, ukapita chini ya meza ya pasi
ya mama yake Jarkko, ukaingia kwa Veikka.
Ukitaka kujua nani yumo, unageuza shingo.
Adui wetu mkubwa alikuwa paka.

Sisi tumekua, mchezo haukukua.
Bado unaamini dunia nzima imo kwenye chumba kile cha chini.
Haujui kubisha hodi, haujui kuuliza nani,
na nywila unaitembeza uchi barabarani
mchana kweupe.

Fungua mlango kwenye ruta, alisema Veikka. Nikafungua.
Zima kinga kidogo, dakika mbili tu. Nikazima.
Pakua hiki kiraka, kakiweka jamaa fulani,
simjui, ila anaonekana mtu mwema.
Nikapakua.
Kila ndiyo ilikuwa ndogo, inaenea mfukoni.

Ijumaa tatu tulicheka mpaka majirani wakagonga ukuta.
Nilisahau kwamba ruta ni moja:
hesabu zangu za kodi, picha za Saimi akiwa kibogoyo,
kamera ya mlangoni,
kipimo cha sukari cha Riikka kinachonong'ona na simu yake,
vyote vinalala chumba kimoja,
na komeo nimelitoa mimi,
kwa ajili ya vifaru.

Ijumaa ya nne akaja wa tano.
Kifaru cha kijivu, hakina jina.
Hakupiga risasi. Alisimama pembeni mwa ramani
kama mtu anayesoma majina kwenye milango ya watu.
"Tuija, ni wewe?"
"Mimi ndiye wa kijani."
"Jarkko?"
"Mimi nimeshakufa tangu saa saba."
Tulipogeuka, hayupo.

Saa nane na robo printa ya ukumbini ikakohoa.
Hakuna aliyeiamsha.
Saimi akaja na blanketi mabegani,
karatasi mkononi, bado ina joto.
"Baba, umeandikiwa."
Mistari mitatu, Kifini cha kuokoteza:

*Mlango wako uko wazi.
Mimi sijagusa kitu.
Atakayekuja baada yangu simjui.*

Ule wa mwisho niliusoma mara tano.
Nikachomoa ruta, nikachomoa printa,
nikachomoa hata birika, sijui kwa nini.
Riikka akauliza gizani kama kuna moto.
Nikasema hapana.
Kisha nikasema ndiyo, mdogo.

Siku hizi tunapita handakini, njia yetu wenyewe, yenye ufunguo.
Ufunguo ni herufi arobaini na nne
na hautumwi kwa ujumbe.
Jarkko hupiga simu, hunisomea moja moja,
polepole, kama mtoto na jedwali la kuzidisha.
Lakini kabla ya herufi ya kwanza namuuliza:
usiku ule umeme ulipokatika, tulikula nini?

Anakaa kimya.
Nasikia pumzi yake, au pumzi ya mtu.
Na katika kimya hicho, nakiri, namwogopa,
yeye niliyemjua kabla hajaota ndevu.

"Soseji mbichi," anasema. "Na wewe ulilia."

"Aliyelia ni Veikka," namjibu.
Natafuta kalamu.
"Karibu. Soma."