Kumi Nini?

Daftari la Tuda linanuka moshi.
Ni la kumi na tisa katika rundo, saa nne usiku,
na kalamu yangu nyekundu imeanza kukwaruza.

Swali la sita, nililolinakili ubaoni jana:
Kilo tatu za sukari zinauzwa dirham kumi na nane.
Kilo tano zitauzwa dirham ngapi?
Njia nimewafundisha hadi koo likanikauka:
tafuteni kwanza bei ya moja.
Ukiijua moja, hata shehena haikutishi.

Kumi na nane kwa tatu, sita.
Sita mara tano, thelathini.
Tuda amepata. Namwekea vema.

Lakini kule ukingoni, nilikokataza kuandika,
kuna hesabu ambayo sikuitoa mimi,
kwa herufi ndogo zinazobanana kama watu wanaoogopa kufukuzwa:

Gunia la bibi, kilo 40, lozi na maganda yake.
Moha ananunua kilo kwa 22.
Zikibanguliwa, kilo nne zinatoa moja.
Hiyo moja Moha anainunua kwa 95.

Mimi ni mtoto wa Kasablanka.
Lozi nilizijua juu ya keki, nyeupe, zimevuliwa kila kitu.
Ni huku Tafrawte, mwaka wangu wa kwanza kazini,
nilikojua kwamba zina ganda, na ganda lina kiburi.

Namfuata mstari kwa mstari.
40 mara 22: 880.
40 kwa 4: 10. Halafu 10 mara 95: 950.
Tofauti: 70.
Hapa amefuta mpaka karatasi imetoboka.
Nadhani hakuamini kwamba ni sabini tu.
Kisha: Bibi anabangua kilo nne kwa jioni.
Jioni kumi. Sabini kwa kumi.
Saba.

Bei ya moja, kama nilivyofundisha.

Bibi Ijja nilimwona siku ya wazazi.
Kucha ya gumba la kushoto imepondeka, nyeusi kama zeituni.
Hakukubali kiti. Aliniuliza jambo moja tu,
kama mtoto anakohoa darasani,
nami nikamjibu habari za alama.

Nikadhani hesabu imeishia pale. Nikafunua ukurasa.

Nimesahau kilo 30.

Kweli. Arobaini toa kumi.
Hata mimi, mwenye cheti, sikuziona zikidondoka.
Kilo thelathini za maganda zimekwenda wapi?
Jibu lake ni neno moja: Jikoni.
Na chini yake: Kuni za Hammu, kilo ni dirham 1.
Thelathini na sabini, mia.
Mia kwa jioni kumi:
10.

Basi. Kumi imesimama peke yake, haina kipimo,
kosa lile lile ninaloligombea kila asubuhi:
Thelathini nini, Yidir? Mbuzi? Viatu?
Namba isiyo na jina ni mgeni asiyebisha hodi,
huwa nawaambia, na wao hucheka kwa adabu.

Nazungushia duara. Naandika: Kumi nini?

Wino unakauka nikiwa bado nimeinama.
Dirham kumi, ndiyo. Lakini ni dirham za nani?
Moto ule ungewaka hata bila Moha,
na kwa harufu hii, ni kwenye mwanga wake
ndiko mtoto alikoandikia sukari yangu.
Je, hilo nalo liingie kwenye kumi, au lilishaingia?
Sijui. Kitabu cha mwalimu kina majibu nyuma,
nami nimefunua nyuma, mjinga mimi,
nikakuta thelathini.

Kwenye mshono wa daftari kuna kipande cha ganda,
kidogo kuliko kucha.
Nakiweka kiganjani, nakipima, nakipima tena.
Mkono wangu haujui kitu.

Daftari la ishirini ni la Yidir.
Swali la sita: thelathini.
Hakuandika nini.