Bati la Faki

Siku tisa kabla ya Idi, tone moja jeusi
limedondoka kando ya sufuria. Si ndani.
Lakini Mzee Sulaiyam ameliona
na amezima moto wote.
Sufuria nne zimenyamaza hapa Barka,
zafarani imerowekwa, inasubiri kikombeni.

"Ni lile bati la Faki," asema. "Nilijua."
Kila anayeingia kiwandani husimuliwa habari yake:
Faki Shoka wa Wete, fundi wa kubahatisha,
aliyetia kopo ndani ya giaboksi
akapanda ndege, akaenda zake.

Nakata umeme, natia kufuli, ufunguo mfukoni.
Shafiqul ananishikia tochi.
Nalegeza plagi ya chini
na oili yatoka nzito, kama asali iliyoungua,
ndani yake vumbi linalometa.
Achovya kidole, acheka: "Dhahab!"
Si dhahabu. Ni meno ya gurudumu
yanayoliwa kidogo kidogo, kwa makubaliano:
gurudumu la shaba, mnyoo wa chuma.
Aliyeviunda alikwisha amua nani aliwe.

Mota huja mbio, mizunguko elfu na mia nne kwa dakika.
Mnyoo huipokea ile haraka, huifinyanga,
huitoa upande wa pili ishirini na nane tu,
mwendo wa mkono wa mpishi,
maana haluwa ukiikimbiza hukulipa madonge.
Na mnyoo hulisukuma gurudumu;
gurudumu halimsukumi mnyoo.
Ning'inia kwenye mwiko hadi magharibi,
hatageuka hata unywele.
(Nimewahi kuajiriwa na mtu wa namna hiyo.)

Boliti sita. Ya tano imegoma.
Nainyunyizia mafuta, nanywa chai ya maziwa, narudi:
imekubali.
Beringi naivuta kwa makucha matatu, taratibu,
na hapo, nyuma ya mfuniko,
bati.

Limekatwa duara kwa mkasi,
kingo zimepigwa msasa hata ukucha haukwami.
Upande mmoja bado lina jicho la ng'ombe
na nusu ya neno "samli" kwa Kiarabu.
Nalipima kwa maikromita, mahali patatu.
Robo milimita. Robo milimita. Robo milimita.
Nalirudisha, napaka buluu kwenye meno,
nazungusha kwa mkono:
alama imekaa katikati ya jino,
imeegemea kidogo upande wa kutokea,
pale pale ningeitaka mimi.

Basi oili imepita wapi?

Natazama juu. Kuna plagi ndogo yenye tundu,
pua ya giaboksi.
Imepakwa rangi ya kijani, mikono miwili, inang'aa,
na tundu halipo.
"Nani alipaka rangi?"
Mzee Sulaiyam atazama mlango.
"Walikuwa wanakuja wakaguzi."
Miezi mitano, basi. Chuma kinapata moto,
hewa inavimba, inatafuta pa kutokea,
mwisho ikamsukuma mnyonge: sili,
mpira wenye mdomo mwembamba kuliko wa mtoto.

Nakwangua rangi kwa sindano ya magunia.
Napuliza: inapita.
Sili mpya, mdomo umepakwa grisi.
Oili mpya, ile isiyodhuru chakula, hadi nusu ya kioo.
Mzee ameleta pakiti ya shimu kutoka Dubai,
bado ina karatasi yake. Namrudishia.
"Na lile bati?"
"Limo ndani."
"Ndani?"
"Ndani."

Saa kumi na moja mwiko unageuka.
Nimeuhesabu kwa saa ya mkononi: ishirini na nane.
Shafiqul anamimina zafarani kwa duara pana,
hanuni tena, hatazami juu.
Kwenye fomu, mahali pa sababu, nimeandika: rangi.

Mzee ameisoma. Ameisoma tena.
Ameniuliza kama nina namba ya Faki.
Sina.
Akachukua kitambaa, akafuta mikono
ambayo haikuwa na mafuta.