Matawi Matupu

Nina picha mia mbili na kumi na moja za ndege wa Hombolo,
na katika picha mia moja na tisini, ndege hayumo.
Kuna tawi la mgunga, bado linatikisika.
Kuna jiwe, na juu ya jiwe kinyesi cheupe, kibichi.
Kuna maji ya bwawa na duara moja linalopanuka:
hapo alizama mnandi,
nami nilikuwa natafuta kitufe.

Wiki nzima niko masijala, Mtumba,
nafungua majalada, nafunga majalada,
kila kitu na namba yake, kila namba na kabati lake.
Jumamosi alfajiri napanda bodaboda ya Yeremia
na kamera yangu ya mtumba
(ofisini utani huo hawajauchoka)
imefungwa kifuani kwa mpira wa baiskeli,
na vumbi la Septemba linanipaka wekundu hadi kwenye kope.

Kiangazi kimekausha kila kitu ila zabibu.
Nyasi zinalia chini ya viatu kama mtu anayetafuna bisi.
Kila hatua ni tangazo.
Kware wanafumuka miguuni pangu, moyo nao unafumuka,
na picha inatoka ya kidole changu.

Mwisho wa shamba la mizabibu amekaa Ndahani,
miaka kumi na moja, manati shingoni,
mawe ya mfukoni yameivuta kaptula upande mmoja.
"Mbukwa."
"Mbukwa. Unawinda nini?"
"Picha."
Alicheka mpaka kuzumburu wakaacha kula.

Kwangu kuzumburu ni kishungi, ni mkia mrefu
unaoburuzwa hewani kama uzi uliosahaulika kwenye sindano.
Kwake ni kilo mbili za baba yake kila siku,
na fimbo jioni.
Nilimwonyesha kwenye kioo cha kamera mmoja niliyempata,
nusu, kichwa kimekatwa na ukingo.
Akamkagua kama polisi.
"Huyu namjua. Ndiye aliyemaliza kishada cha jana."

Kisha akanipa makosa yangu, moja baada ya jingine:
shati jeupe, funguo zinazoongea mfukoni,
na hili la kufuata.
"Ndege hafuatwi. Ndege anasubiriwa,
tena unajifanya unatazama kitu kingine."

Tukakaa. Tukatazama kitu kingine.
Mdudu akapanda kiatu changu, akafika juu, akaghairi.
Jua likahamia utosini.
Ndahani akapiga mluzi kwa meno, mara tatu,
na kutoka ng'ambo ya korongo kavu hondohondo akaitika,
akaja kwa mabonde na vilima vya hewa,
anapiga mbawa, anaanguka, anapiga mbawa, anaanguka,
akatua hatua nne kutoka tulipo,
mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva,
akanigeuzia jicho moja, akanisoma
jalada zima.

Betri ilikuwa imekufa.
Na mkononi mwa Ndahani jiwe lilikuwa limeshakaa kwenye ngozi,
mpira umevutwa nusu.
Hakuachia.
"Yule sina deni naye," alisema baadaye,
akalirudisha jiwe mfukoni kwa wenzake.

Jioni Sechelela, mke wangu, anapekua picha,
kidole kinapita: tawi, tawi, jiwe, tawi.
"Ndege yuko wapi hapa?"
"Ametoka sasa hivi."
"Na hapa?"
"Huyo ni chozi. Angalia ua linavyonesa."

Anasogeza kamera karibu na uso.
Chai yake inapoa.
Kisha, kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtoto amelala chumbani,
ananiuliza alikuwa na rangi gani.