Kidevu Kilekile

Jumanne ya Julai, Bahía Blanca, baridi ya kung'ata masikio.
Tumejibanza nyuma ya tanuri la mikate la Ofelia
kwa kuwa ofisi yangu ina meza, haina moto.
Hadithi saba za mapenzi, kurasa tisini na sita, karatasi hafifu,
na kioski cha stesheni kinangoja.
Haya, nawauliza waandishi wangu: mkusanyiko wa tisa, mada ipi?

Zulma asema madaktari.
Zulma husema madaktari kila mwaka.
Marehemu mumewe aliuza mbolea,
na hajapata kumwandika muuza mbolea hata kwa mstari mmoja.
Hebe ataka tajiri wa mashamba, ng'ombe elfu tatu,
mjane, mkali kidogo, na farasi wake mweusi.
Namkumbusha toleo la nne, wajane watano:
msomaji wa Tres Arroyos aliniandikia akiuliza
mbona wake za matajiri wanakufa kama nzi,
na polisi wa huko kazi yao nini.

Nami nina orodha yangu, mfukoni, imekunjwa mara nne.
Mpima ngano wa ghala la bandarini, kipara king'aacho.
Fundi wa gesi anayevua viatu mlangoni bila kuambiwa.
Mwalimu wa jiografia mwenye kigugumizi
kinachomwachia tu anapotaja majina ya mito.
Wanacheka mpaka Ofelia anamwaga unga.
"Nélida," asema Hebe, "kipara hakiuzi."
Namjibu, kizuri chajiuza.
"Basi kipara chako kijitembeze chenyewe hadi stesheni."

Hasira zikanipanda, nikazitua kwa asiyehusika:
Osvaldo, mchora majalada, kimya pembeni,
anapasha vidole kwenye kibuyu cha chai chungu.
Majalada manane, Osvaldo!
Daktari, rubani, nahodha, yule mjane wa tano,
wote kidevu kilekile, kishimo kilekile katikati,
jicho la kushoto dogo kuliko la kulia.
Hujui kuchora mwanamume mwingine?

Akaweka kibuyu chini.
"Huyo ni Tito," alisema. "Mdogo wangu.
Alitoka kununua sigara, Machi, na ndara miguuni,"
akataja mwaka,
ule ambao sisi hapa huutaja kwa sauti ya chini.
"Mama hununua kila toleo. Hasomi, macho yamekwisha.
Hukata jalada, hubandika jikoni, juu ya sinki.
Huwaambia majirani: mwoneni, safari hii ni rubani."

Mikate ikaungua. Hakuna aliyeinuka.

Ndipo Zulma, akitazama mikono yake,
akasema yule wa mbolea alikuwa akirudi saa moja na nusu,
ananuka mpaka paka anahama chumba,
na kwamba alipofika kwenye kona alipiga mluzi, mara mbili,
ili yeye ateleke maji ya kuoga.
Mluzi. Mara mbili. Kila siku ya kazi, miaka thelathini na moja.
"Hilo," nikasema, "liandike hilo,"
akaniambia ninyamaze, anatafuta kitambaa.

Juu ya karatasi nikaandika: Wanaorudi Nyumbani.
Hebe akauliza kama tajiri wake anaweza kurudi akiwa juu ya farasi.
Anaweza. Lakini mkewe awe hai, Hebe,
na awe ndiye anayefungua mlango.

Tulipokuwa tukivaa makoti Osvaldo alinivuta mkono.
"Yule mpima ngano. Ana umri gani?"
Sikuwa nimefikiria. Hamsini, nikasema, kwa kubahatisha.
Akahesabu kwa vidole kama mtoto wa shule.
"Tito angekuwa na hamsini. Na kwetu, upande wa baba,
hakuna aliyefika arobaini na nywele."

Ijumaa aliniletea jalada.
Ghala, jioni, mwanamume amesimama na mkoba wa chakula,
kidevu ni kile, jicho ni lile,
na kichwa, Mungu wangu, kichwa kinang'aa kama sahani ya sikukuu.
Hebe alilishika muda mrefu.
"Bado nasema hakiuzi," alisema,
akaomba nakala mbili.