Deni la Yordani

Daftari langu linanuka kitunguu.
Kurasa nyingine zimeshikana kwa mafuta ya alizeti,
nazibandua taratibu, kama ngozi ya maziwa.
Karani wa bwawa ana kompyuta na muhuri.
Mimi nina kalamu iliyofungwa uzi
kwenye msumari wa mlango,
maana hapa Kidope kalamu hutembea kuliko watu.

Alfajiri ukungu bado umelalia chai,
milingoti inadondosha maji
kama nguo zilizoanikwa bila kukamuliwa.
Nawasha mabanzi. Yanalia kwanza, kisha yanashika.
Kande zililala jikoni na chumvi yake.
Sahani za bati ni kumi na mbili,
na wanaoshuka bwawani ni kumi na wawili,
basi sijawahi kuwahesabu vichwa:
nahesabu sahani.

Jumanne ile Yordani Mkalawa alikuja wa mwisho,
buti za kuazima, namba mbili zaidi,
amezijaza gazeti vidoleni.
*Mama Nehema, niandikie. Ijumaa nalipa.*
Nikaandika: Yordani, nusu kande, chai, mia nane.
Akachungulia. Akasema, *Mwandiko wako unalala kama mgonjwa.*
Tukacheka. Akaenda.

Magugu yalikuwa yameziba wavu wa chuma
pale maji yanapoingia bombani.
Kufunga lango ni kuzima kiwanda,
na kiwanda kikizimwa majani ya chai yanaharibika,
na majani yana bei.
Wakampa reki.
Kamba ilikuwapo. Ilikuwa stoo,
na mwenye ufunguo alikuwa Mafinga.

Mchana nikapakua kumi na mbili.
Moja ikapoa.
Nikaifunika na nyingine. Nikaifunua. Nikaifunika.
Hadi alasiri king'ora hakijalia,
bali niliona wanaume wakipanda kilima bila kuzungumza,
na Atanasi ameshika buti moja,
gazeti limelowa, linachungulia.

Orodha ya karani ilikuwa na majina kumi na moja.
*Siku hiyo hatukuwa na mtu wa jina hilo.*
Alisema hivyo mbele ya mama mzazi,
aliyetoka Makete na kitenge amekifunga upande mmoja tu.
Yule mama hakujibu. Alinitazama mimi,
sijui kwa nini mimi.

Mkaguzi alifika kutoka Iringa, viatu vimejaa tope.
Akaomba chai kwanza.
Akapuliza, akanywa, akauliza kama kuna mtu aliyemwona.
Nikafuta mikono kwenye aproni,
nikafungua uzi wa kalamu, kisha daftari.
Mia nane.
Akaisoma mara tatu ile mia nane.
Ukurasa ukaondoka naye ndani ya bahasha.

Miezi minne baadaye tulikwenda halmashauri, wanawake watano,
kuomba mkopo wa sufuria kubwa na mabati.
Afisa akapekua, akasita:
*Mama, biashara inataka kumbukumbu kamili. Machi iko wapi?*
Machi iko Iringa, nikamwambia, imepigwa muhuri.
Akadhani namfanyia mzaha.
Akaandika: pungufu.
Tulirudi mara ya pili na nakala,
mara ya tatu na barua ya mtendaji.
Wakatupa nusu.
Mabati tukapata, sufuria tukapata ndogo,
na mvua sasa hainywi chai ya wateja.

Karani alihamishwa, sijui wapi.
Mikanda ya usalama ililetwa, ya rangi ya chungwa,
inaning'inia kwenye kibanda chao
siku nyingine zaidi ya inavyovaliwa.
Ile mia nane nimeinakili kwenye daftari jipya, ukurasa wa kwanza.
Binti yangu alitaka kuipiga mstari, nikamshika mkono.

Leo kaja kijana mgeni, Erasto, sauti haijatulia bado.
*Mama, niandikie. Ijumaa.*
Kalamu nimeishika. Kande zinatoa moshi.
Nikamtazama kiunoni.
Mkanda wako uko wapi, nikamuuliza.
Akageuka, akarudi mbio kibandani,
na mimi nikaifunika sahani yake.