Goti la Byamungu

Kule Coimbra, Profesa Teixeira
alinifunga macho kwa taulo la jikoni,
akanikabidhi goti la mtu nisiyemjua:
"Niambie kilichokatika."
Nilikosea mara tisa. Hakucheka.
Ya kumi, alimenya chungwa, akanigawia nusu.

Leo, Goma, umeme umekwenda zake.
Kamera niliyoivusha mipaka mitatu
imelala sandukuni kama bibi harusi aliyenuna.
Byamungu, kipa wa Majengo,
alijirusha juu ya mawe ya volkano:
mpira aliudaka,
goti ndilo lililomponyoka.

Nafumba macho.
Gumba linasikiliza.
Mfupa unachomoka mbele, taratibu,
mtoto wa meza asiye na kufuli.

"Dokta, unasinzia?"

Chungwa limo mfukoni.
Silimenyi bado.
Napima tena.