Waya Nilikuwa Mimi

Miaka sita waya nilikuwa mimi.
Kompyuta ya ghala inasema: Ipole, ndoo arobaini.
Nasoma, nageuza kiti,
naandika upya kwenye kompyuta ya malipo,
kitufe cha M kinanata kwa asali,
treni ya Mpanda inapiga honi stesheni ya Tabora
nami nimesahau: arobaini, au kumi na nne?

Jumatatu akaja Sizya na mkoba mmoja.
Waya hakuleta. Alileta ufunguo,
herufi thelathini na mbili zisizotamkika,
akaubandika huku, akaubandika kule.
"Sasa zinaongea," akasema.

Ghala likabisha hodi,
malipo yakaitika karibu,
na chai yangu haijapoa
warina asali mia mbili na kumi wamelipwa.
Kiti hakikugeuka hata mara moja.

Nyamizi naye kalipwa.
Ila namba ile ilikuwa ya marehemu mumewe,
simu anayo shemeji,
na shemeji hapokei tangu jana.
Hilo halimo kwenye safu yoyote.
Kila mwezi nilikuwa nasita pale,
nampigia jirani, nangoja nisikie sauti yake mwenyewe,
ndipo nabonyeza.

"Mfumo haujakosea," Sizya alisema.
Kweli. Uliulizwa namba, ukatoa namba.

Tukakesha tukitoboa
kati ya ghala na malipo
kitundu kimoja, tukakiita *subiri*.
Ndani yake jina moja tu, kwa sasa.
Sizya anauliza litoke lini.
Nikamwambia: nikishamsikia.